Vitabu vya Robert Langdon: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Mtwara

Naazimisha vitabu barazani kwangu Shangani, Mtwara mjini. Jumamosi jioni tunakaa mkekani, walimu, wauguzi, vijana wa bodaboda na fundi cherehani wawili, tunazungumzia tulichosoma. Hakuna vitabu vinavyorudi vimechakaa kama vya Dan Brown, mwandishi wa Marekani, na hakuna vinavyoniletea maswali mengi kama hivyo. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi, kwa sababu baadhi ya maswali hayo ni mazito kuliko anavyodhani anayeyauliza.

Ni vitabu gani hasa, na vipo vingapi?

Ni riwaya sita zenye mhusika mmoja, Robert Langdon, profesa wa taaluma ya alama katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Angels & Demons ilitoka mwaka 2000, The Da Vinci Code 2003, The Lost Symbol 2009, Inferno 2013, Origin 2017 na The Secret of Secrets 2025. Mwandishi ana riwaya nyingine, Digital Fortress na Deception Point, lakini hizo Langdon hayumo.

Kila moja ina mji wake. Cha kwanza ni Roma, makardinali wakiwa wamejifungia kumchagua Papa. Cha pili kinaanzia Paris. Cha tatu ni Washington, cha nne kinaanzia Firenze, cha tano kiko Hispania, cha sita ni Prague. Mambo yote huisha ndani ya saa chache, usiku mmoja au siku moja hivi, na Langdon hapati nafasi ya kulala. Tena ni mtu anayeogopa sehemu finyu tangu alipotumbukia kisimani utotoni, kwa hiyo kila anapoingizwa kwenye lifti au handaki, na wewe unabanwa kifua pamoja naye.

Nianze na kipi?

Anza na Angels & Demons. Wengi wanakimbilia The Da Vinci Code kwa sababu ya jina, na si kosa, kila riwaya inajitosheleza. Ila cha kwanza kinakufundisha jinsi mwandishi huyu anavyocheza: anakupa fumbo, anakuacha ulihangaikie kurasa tatu, halafu anakuonyesha kwamba jibu ulilipita mlangoni. Ukishajua mchezo huo, cha pili kinakuwa kitamu maradufu.

Kiingereza changu ni cha shule ya kata. Nitaviweza?

Utaviweza. Sentensi zake ni fupi, na sura ni fupi mno. The Da Vinci Code ina sura 105, nyingine hazizidi kurasa mbili. Kijana mmoja wa bodaboda hapa alikuwa anasoma sura moja kila anaposubiri abiria pale stendi, na akakimaliza kabla ya msimu wa korosho kwisha. Kazi ipo kwenye majina ya makanisa, michoro na mitaa. Usiyang'ang'anie. Yapite, utayaelewa mbele ya safari.

Ushauri wangu mmoja tu: soma ukiwa na penseli. Mafumbo yake yameandikwa ili msomaji naye ajaribu, na anayesubiri kutafuniwa anakosa nusu ya raha.

Hayo mafumbo yanafanyaje kazi? Naomba mfano.

Mwanzoni mwa The Da Vinci Code mzee wa makumbusho ya Louvre anauawa usiku, na kabla ya kukata roho anaandika sakafuni tarakimu hizi: 13-3-2-21-1-1-8-5. Polisi wanadhani ni namba ya siri. Zipange upya kutoka ndogo kwenda kubwa: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Huo ndio mfuatano wa Fibonacci, uliopewa jina la mwanahisabati wa Pisa wa karne ya 13.

Jumamosi ile tuliyosoma sura hiyo, tulimwaga korosho mkekani tukazipanga mafungu manane. Ukihesabu zote unapata 54. Muuguzi mmoja akaleta nanasi, akaniambia, "Mwalimu, hesabu hapa." Tukalizungusha taratibu tukifuata mistari ya macho yake inayopanda upande, huku tukiweka alama kwa kalamu ya wino mzito. Upande mmoja mistari 8, upande wa pili 13. Watu wazima tulikaa kimya, tukalihesabu tena.

Lakini si kila anachosema Langdon ni sahihi hata kwenye namba. Kuna mahali anawaambia wanafunzi kwamba katika mzinga wowote ukigawanya nyuki majike kwa madume unapata 1.618. Siku hiyo alikuwepo mgeni kutoka Liwale, mtu wa mizinga tangu ujana wake. Alitikisa kichwa tangu sentensi ya kwanza. Akatueleza: mzinga wenye afya una vibarua majike kwa maelfu mengi, madume ni mamia machache, na yapo majira majike huwafukuza madume wote nje. Hakuna mgawanyo unaoleta 1.618 hapo. Ndivyo ninavyotaka watu wavisome vitabu hivi, wakiwa na mtu wa mizinga pembeni.

Mfano wa pili ni Atbash, maandishi ya fumbo ya Kiebrania ya zamani sana. Herufi ya kwanza inabadilishana na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo mpaka katikati. Kwa abjadi ya herufi 26, A inakuwa Z, B inakuwa Y. Neno KOROSHO linageuka PLILHSL. Rahisi, mtoto wa darasa la tano anaifanya. Na kwa mwenye Biblia ya Kiswahili nyumbani, fumbo hilo unalo kabatini: fungua Yeremia 25:26, utaona "mfalme wa Sheshaki". Hakuna nchi iliyoitwa Sheshaki. Ni Babeli, limeandikwa kwa Atbash: kwa herufi za Kiebrania, shini imeshika nafasi ya beti, kafu imeshika nafasi ya lamedi.

Ukurasa wa mwanzo wa The Da Vinci Code umeandikwa kwamba shirika la siri la Sayuni ni la kweli. Ni kweli?

Hapana, na hili naomba lisomwe kwa makini. Kitabu kinasema Prieuré de Sion lilianzishwa mwaka 1099 na kwamba Leonardo da Vinci alikuwa mmoja wa wakuu wake. Shirika lenye jina hilo liliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aitwaye Pierre Plantard. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walitengeneza nyaraka za uongo wakaziweka katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, zenye orodha ya wakuu tangu zama za kale. Mtafiti akifungua faili, anakuta "ushahidi". Kumbe uliwekwa pale jana.

Opus Dei, shirika la Kanisa Katoliki linalotajwa humo humo, lipo kweli. Lilianzishwa Hispania mwaka 1928 na padri Josemaría Escrivá, na wanachama wake wengi ni walei, watu wa kazi za kawaida. Halina watawa, kwa hiyo yule mtawa muuaji wa kwenye kitabu hana mahali pa kutokea.

Kuhusu mchoro wa Karamu ya Mwisho ulioko Milano, kitabu kinadai kwamba anayeketi ubavuni mwa Yesu ni Maria Magdalena. Wataalamu wa sanaa wanasema ni Yohana, ambaye wachoraji wa wakati ule walizoea kumchora kijana laini asiye na ndevu. Na Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, haukukaa kuchagua vitabu vya Biblia. Uligombania mafundisho ya Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Baba.

Sikatai kwamba ni ustadi mkubwa wa kuandika. Kuchanganya jiji la kweli, jengo la kweli na mchoro wa kweli, halafu kupenyeza shirika la kubuni katikati yake, kunataka mkono uliokomaa. Ninachodai ni kwamba msomaji ajue mshono uko wapi.

Illuminati je? Si wapo mpaka leo?

Walikuwepo. Adam Weishaupt, profesa wa chuo cha Ingolstadt huko Bavaria, alianzisha kikundi hicho tarehe 1 Mei 1776. Mtawala wa Bavaria alipiga marufuku vyama vya siri mwaka 1784 na tena 1785, nyaraka zao zikakamatwa na kuchapishwa, kikafa. Umri wake haukufika miaka kumi. Angels & Demons inamweka Galileo miongoni mwao. Galileo alifariki 1642, miaka 134 kabla kikundi hakijazaliwa.

Antimata inayotishia kuilipua Vatikani, yaani maada iliyo kinyume cha hii ya kawaida, nayo ipo. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya iliyoko Geneva, wanaitengeneza kweli, ila kwa kiasi kidogo mno, na robo gramu ya kwenye kitabu iko mbali sana na uwezo wa mashine zozote zilizopo.

Nilipata ujumbe wa simu kunikaribisha Freemason. Una uhusiano na vitabu hivi?

Una uhusiano, na hapa ndipo ninapoumia.

Binamu yangu wa Masasi ni fundi pikipiki. Mwaka mmoja alilipwa fedha zake za korosho, na wiki ile ile akapokea ujumbe: jiunge Freemason, utajiri ndani ya siku saba, hakuna kafara. Alikuwa ameona filamu mbili za Langdon kwenye kibanda cha video, na zile alama, pete na milango ya siri zilikuwa zimemkaa kichwani. Akapiga ile namba. Sauti upande wa pili ilikuwa ya upole, ikamwita "mteule". Kwanza akatuma shilingi 60,000 za fomu. Kesho yake 120,000 za pete. Halafu bima ya pete, halafu ada ya kufungulia sanduku la fedha ambalo lilikuwa "limeshafika Dar". Alipokuja kwangu alikuwa amebaki na nauli. Alinionyesha simu, ujumbe mmoja baada ya mwingine, na ninachokumbuka mpaka leo ni kwamba kila mmoja uliishia na neno "siri". Usimwambie mkeo. Usimwambie mama yako. Siri ile ilikuwa ya kumzuia asikutane na mtu wa kumwambia acha.

Basi tuelewane. Freemason ni chama kilichopo, na chombo chao kikuu cha kwanza kiliundwa London mwaka 1717. Alama zao, bikari na skwea, zimetoka kwa waashi wa mawe. Ni vifaa vile vile alivyonavyo fundi wako wa ujenzi pale Chikongola. Hapa Tanzania, marehemu Andy Chande, mfanyabiashara anayejulikana, aliongoza chama hicho Afrika Mashariki na alilisema hadharani, hata akaandika maisha yake kitabuni. Hakijifichi kiasi cha kuhitaji namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Wala chama hicho hakigawi utajiri: wanachama ndio wanaolipa ada. Anayekutumia ujumbe wa kukuahidi fedha ni tapeli, awe amesoma Dan Brown au hajasoma.

Ukipata ujumbe kama huo usijibu. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, na kama umeshatoa fedha nenda polisi na kwa mtandao wako wa simu mapema, siku ile ile. Halafu mwambie mtu wa nyumbani.

Na ukitaka kuona Freemason kwa jicho la riwaya hizi, soma The Lost Symbol. Watu hutegemea kuwakuta wakichinja watoto. Wanakuta mwandishi amewachora kwa heshima.

Kusoma vitabu hivi ni dhambi?

Mimi si shehe wala padri. Najua kwamba mwaka 2005 Kardinali Tarcisio Bertone aliwataka Wakatoliki wasiisome wala kuinunua The Da Vinci Code, na kwamba Lebanon iliipiga marufuku. Kwenye mkeka wangu wanakaa Waislamu na Wakristo, na wote wamepata cha kubishia. Ikiwa imani yako inasumbuka, zungumza na kiongozi wako wa dini. Ikiwa unasoma kama hadithi, soma, kisha tafuta historia ya kweli iliyo nyuma yake.

Filamu zinatosha badala ya vitabu?

Hazitoshi. Zipo tatu, zote zimeongozwa na Ron Howard na Tom Hanks akiwa Langdon: The Da Vinci Code 2006, Angels & Demons 2009, Inferno 2016. The Lost Symbol ilifanywa tamthilia ya televisheni 2021. Kwenye filamu fumbo linafumbuliwa kabla hujashika penseli. Na mwisho wa Inferno kwenye filamu si mwisho wa kitabu hata kidogo. Wa kitabu unakuacha na swali linalouma, wa filamu umelifuta.

Ni kweli Dan Brown alishtakiwa kwa wizi wa maandishi?

Kesi ilikuwa dhidi ya mchapishaji wake, London, mwaka 2006. Waandishi wawili, Michael Baigent na Richard Leigh, walidai The Da Vinci Code imechukua mpango wa kitabu chao. Walishindwa. Kinachonifurahisha ni hukumu yenyewe. Jaji Peter Smith aliweka herufi za mlazo hapa na pale ndani ya hukumu, ukiziunganisha za mwanzo zinasomeka "smithy code", na zinazofuata zilikuwa fumbo lililofunguliwa kwa mfuatano wa Fibonacci. Jibu lilimtaja Jackie Fisher, admirali wa Uingereza, na manowari Dreadnought. Jaji wa Mahakama Kuu, akiwa kazini!

Dan Brown alitoa wapi mapenzi ya mafumbo?

Nyumbani. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati huko Exeter, New Hampshire, na Krismasi watoto hawakukuta zawadi chini ya mti. Walikuta fumbo, linalowapeleka kwenye fumbo lingine, mpaka wafikie zawadi. Kabla ya riwaya alijaribu muziki, kisha akafundisha Kiingereza.

Huku kwetu kuna fumbo la kustahili kitabu kama hivyo?

Swali hili ndilo nililolisubiri.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Akaokota sarafu mchangani. Miongoni mwake zilikuwamo tano za shaba za Kilwa, zenye majina ya masultani wa Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi hapa hapa. Zilifikaje ng'ambo ya Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita? Wataalamu wanabishana hadi leo. Na sarafu hizo zina siri yake ndogo: maandishi ya upande mmoja yana kina kimoja cha ushairi na ya upande wa pili. Upande huu umetaja tumaini kwa Mwenyezi Mungu, upande ule jina la sultani, na vinalingana kama mishororo ya shairi. Shairi la kushika kwa vidole viwili. Ukisimama Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alifika katika mji wake mwaka 1331, ukatazama bahari kutoka kwenye ule mwamba, riwaya inaanza yenyewe.

Tena mafumbo sisi ni watu wake. Fumo Liyongo alipofungwa alimwimbia kijakazi wimbo walinzi wakisikia, naye mama yake akaelewa: oka mikate mizuri, oka na wa wishwa, humo weka tupa. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia wa wishwa, akakata minyororo. Watoto wa pwani walizungumza kinyume, silabi ya mwisho ikitangulia, korosho ikawa "shokoro". Na bibi yangu alikuwa na kanga aliyoivaa siku akipita nyumba fulani tu. Hakufungua mdomo. Mwenye nyumba alisoma jina la kanga, akaingia ndani akafunga mlango.

Jando, unyago na mapiko (ngoma ya barakoa ya Wamakonde) navyo ni jamii za siri?

Nisingeviita hivyo. Mambo ya jandoni na unyagoni hayasemwi nje, na nani yuko ndani ya barakoa ya lipiko ni jambo ambalo zamani wanawake na watoto hawakupaswa kulijua. Lakini kila mtoto wa nyumba alikuwa na zamu yake ya kuingia, na aliingia na rika lake huku kijiji kizima kikipiga ngoma. Chama cha siri cha riwayani huchagua wachache na kuwafungia wengine. Zaidi ya hapo sitaandika, na aliyepita huko anajua kwa nini.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Nimpe?

Subiri kidogo. Kuna mauaji yanayoelezwa kwa kina, na yule mtawa anajiumiza mwili kwa mnyororo wa miiba. Mimi naazimisha kuanzia kidato cha nne, na mzazi akijua.

Nikitaka kuazima nifanyeje?

Njoo Jumamosi baada ya alasiri, kitabu kimoja kwa wiki tatu. Nakala nyingi ni za mtumba, zimekuja na basi kutoka Dar, kwa hiyo zibebe kwenye mfuko, mvua za huku hazibishi hodi. Mlangoni utakuta karatasi yenye maneno mawili kwa Atbash. Ukishindwa kuyasoma gonga tu, utafunguliwa. Ya Jumamosi hii ni haya:

OVGV KVMHVOR